UZI: Virukia vya Malindi si mmea mmoja. Tazameni kabla hamjainua panga

MwanaGanda (mwenye uzi)

Asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Nina shamba la miembe Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, nililoachiwa na marehemu baba. Mingi ni ngowe, na michache ni boribo. Kwa miaka mingi, msimu wa embe ukiisha, mimi na ndugu zangu tulikuwa tukipanda na mapanga kukata virukia. Nasema virukia nikiwa na maana ya ile mimea inayoota juu ya tawi la mti mwingine bila kugusa ardhi, ambayo Waingereza huiita mistletoe. Tulikata vyote, tukavichoma, tukasahau hadi mwaka wa pili.

Mwaka jana niliteguka mguu nikakaa wiki sita bila kupanda mti wowote. Kazi yangu ikawa kuketi jamvini chini ya mwembe ulio karibu na kisima na kutazama juu. Siku ya tatu hivi nikamwona kitororo, yule ndege mdogo mwenye paji jekundu anayegonga sauti moja kutwa nzima kama fundi wa mabati. Alimeza tunda la kirukia, dogo, jekundu. Akatulia kidogo, kisha akaitapika kokwa. Kokwa ikamganda mdomoni. Akapangusa mdomo tawini, kushoto, kulia, kushoto tena, kama mtu anoaye kisu, hadi ikanasa kwenye gome. Uzi mwembamba wa ute ukabaki ukining'inia kati ya mdomo na tawi, ukimeta kwa jua, halafu ukakatika.

Nikamtuma mwanangu aniletee tunda moja. Nililiminya, kokwa ikachomoka ikaganda kwenye kidole gumba. Kuipangusa kwenye kikoi, ikaganda kwenye kikoi. Nikaibandika ukutani, na ikabaki hapo. Baada ya siku chache ikatoa kidole cha kijani, bila udongo, bila tone la maji. Kidole hicho hakikufuata jua kama mmea mwingine. Kilipinda kuelekea ukuta, kikauweka uso wake bapa kwenye chokaa kikitafuta gome la kutoboa. Hakikulipata, kikanyauka. Nakiri nilikionea huruma.

Tangu hapo nimeanza kuvitazama kimoja kimoja, na ndiyo sababu ya uzi huu. Nilidhani shambani kwangu kuna kirukia. Kumbe kuna virukia. Kwenye mwembe wa kisimani kipo chenye majani mapana na maua marefu kama vibomba. Kwenye mwembe wa mpakani kipo kingine ambacho machipukizi na maua yake yana manyoya laini, ukiyagusa ni kama shavu la mtoto. Na kwenye mgunga wa njia ya kuelekea Kakoneni nimekuta cha tatu, hakina majani kabisa, ni vijiti vya kijani vyenye viungo viungo, na maua yake ni madogo mno hata unahitaji kusogeza jicho karibu uyaone. Vitu vitatu tofauti, na sote tunaviita jina moja na kuvihukumu hukumu moja.

Nani mwingine ameona tofauti hizi? Niambieni na mti gani, maana nimegundua mti ni nusu ya habari.

---

Msabaki

Waaleikum salaam. Kaka, mimi niko upande wa mto Sabaki. Huku vichakani karibu na bahari kuna kile cha nyuzi za manjano na kijani kinachofunika vichaka vyote kama wavu wa mvuvi. Hicho nacho ni kirukia? Hicho ndicho kimetushinda sisi.

---

MwanaGanda

Hapana ndugu yangu, hicho ni mlangamia. Nacho hunyonya, lakini ni ukoo mwingine kabisa. Mlangamia huanza maisha ardhini, hupanda, kisha huacha mizizi yake ife na kuishi kwa kunyonya mashina unayojisokota. Nilishangaa nilipojua kwamba jamaa zake ni mparachichi na mdalasini. Kirukia hakianzi chini. Hushushwa na ndege juu ya tawi na hapo hapo ndipo kinapozaliwa na kufa. Tena kirukia kina majani yake ya kijani (au vijiti vya kijani), kinajipikia chakula kwa mwanga wa jua. Anachokichukua kwa mwenyeji ni maji na madini.

---

FundiNakshi_Amu

Salamu kutoka Amu. Mimi kazi yangu ni kutonga nakshi, milango na masanduku, na kuhusu mimea sina ilimu. Lakini uzi huu umenikumbusha jambo.

Miaka ya nyuma niliagiza magogo kutoka bara, upande wa Hindi, hapa hapa Lamu. Katika tawi moja nikakuta kitu ambacho kwa mato yangu nilidhani kimetongwa na mtu. Mwisho wa tawi mbao ilikuwa imefunuka kama ua, ina mikunjo mikunjo inayotoka katikati kwenda nje, kila mkunjo laini kana kwamba umepigwa msasa. Sikuwahi kuona patasi inayoweza kukata hivyo. Nilikiweka dukani, wageni wakikitaka nikawa nakataa kukiuza. Mzee mmoja aliponiambia ni kazi ya kirukia sikumuamini. Ni kweli?

Na jambo la pili. Sisi utotoni tulitega ndege kwa ulimbo. Tulitumia utomvu wa mfenesi, tukautafuna tafuna na kuupaka vijitini. Huo ute wa kokwa unaousema, MwanaGanda, ndio ulimbo mtupu.

---

MwanaGanda

Maalim, mzee wako alisema kweli. Mahali kirukia kinapojipachika, mti mwenyeji hauendelei kukua kama kawaida. Hujikunja kuuzunguka mzizi wa mgeni. Siku kirukia kinapokufa, sehemu yake huoza na kudondoka, na kinachobaki ni umbo la mbao ya mwenyeji, mikunjo ile ile. Kwa hiyo ua lile si mbao ya kirukia, ni mbao ya mti ulioumbwa na kirukia, kama nyayo kwenye mchanga. Vile vyenye manyoya, jenasi (yaani kundi la jamaa wa karibu) ya Erianthemum, vinajulikana kwa kutengeneza maua haya makubwa, na huko kusini mwa Afrika watu huyakusanya na kuwauzia watalii. Tafadhali ukipata nafasi tuwekee picha.

Kuhusu ulimbo umegonga ndipo. Ulaya walikamua ulimbo kutoka matunda ya kirukia chao kwa karne nyingi, na jina la Kilatini Viscum ni la mmea na la ulimbo wenyewe pia.

---

DadaMambrui

Nimesoma yote haya na nasema kwa heshima, kaka MwanaGanda, wewe unapenda kutazama lakini mimi nina ndimu na machungwa ya kuuza. Miti yangu minne imekauka matawi ya juu, na kila tawi lililokauka lina kirukia shingoni. Sasa unatwambia tuviache kwa sababu maua yao ni mazuri?

---

MwanaGanda

Dada yangu, sikusema viachwe vyote, na kama nimeeleweka hivyo nimekosea kueleza. Kirukia kinaumiza. Majani yake hupumua maji kuliko majani ya mwenyeji, hasa wakati wa kiangazi ambapo mti wenyewe umejifunga ili usikauke. Kirukia hakijifungi. Kinavuta tu. Ndiyo maana tawi linakauka kuanzia pale kiliposhika kwenda nje. Mchungwa mdogo wenye virukia vitano hauna nguvu ya kulisha wote. Mwembe mkubwa wenye kimoja hata hausikii.

Lakini tulivyokuwa tukikata ni kazi bure. Tulikuwa tukikivunja pale juu, kesho kinachipua, maana mzizi wake uko ndani ya mbao na wala hauoni panga. Kata tawi lenyewe, kwa msumeno, kiasi cha dhiraa moja chini ya pale kilipojipachika, ukielekea shinani. Fanya hivyo kabla matunda hayajaiva. Ukikata matunda yakiwa mekundu, kitororo ameshamaliza kazi yake na unaona mimea mipya mwakani ukadhani ni uchawi. Kama kimeshika shina lenyewe na huwezi kulikata, kivunje kila mara kinapochipua ili kisizae.

Kwenye ndimu zako toa vyote. Kwenye mgunga wa uani usiouza chochote, kiache kimoja uone nani anakuja.

---

Mwalimu_Jilore

Nafundisha bayolojia, na nimefurahi kuona mjadala huu kwa Kiswahili. Nitaongeza mambo machache, mnivumilie yakirefuka.

MwanaGanda aliuliza kuhusu aina. Duniani kuna spishi zipatazo 1,500 za virukia, na si watoto wa mama mmoja. Tabia hii ya kuishi juu ya tawi ilizuka mara tano tofauti ndani ya oda moja ya mimea iitwayo Santalales. Jina hilo linatokana na msandali, na msandali nao hunyonya, ila kwa mizizi chini ya ardhi. Wengi mmewahi kula tunda la jamaa mwingine wa oda hiyo bila kujua: mtundakula. Ule nao hunyonya mizizi ya jirani zake kimya kimya huku watoto wakigombania matunda juu.

Familia kubwa kuliko zote ni Loranthaceae, yenye spishi karibu 1,000. Vile vya MwanaGanda vya maua ya vibomba na vya manyoya ni vya hapo. Zamani wataalamu walivitupa virukia vya Afrika vya namna hii karibu vyote katika kapu moja wakaviita Loranthus. Baadaye vikachambuliwa jenasi kwa jenasi, na leo katika jina la Loranthus hasa zimebaki spishi chache za Ulaya na Asia. Vyetu vina majina yao. Kuna Oncella, jenasi ya spishi nne tu, na zote ni za Afrika Mashariki na Msumbiji. Kuna Plicosepalus curviflorus wa maua yaliyopinda, mpenzi wa migunga ya nyika. Na kuna Emelianthe panganensis, ambaye yuko peke yake katika jenasi nzima, na jina lake la pili ni la Pangani, Tanzania. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba jina la mji wa Waswahili limeandikwa kwenye mmea huu na ulimwengu wote unalitamka.

Kile kisicho na majani mgungani ni cha familia nyingine, ukoo wa Viscum. Ndio ukoo wa kirukia cha Ulaya pia, Viscum album. Katika ukoo huu kuna maajabu. Afrika Kusini yupo Viscum minimum anayeishi ndani ya shina la mtupa wa jangwani, na nje huoni ila vichipukizi vya milimita chache na tunda jekundu kubwa kuliko mmea uliolizaa. Na barani Afrika yupo Viscum loranthicola, ambaye mwenyeji wake ni kirukia kingine. Mgeni juu ya mgeni.

Huko bara hapa hapa Kenya, juu ya mierezi ya nyanda za juu, kuna kirukia kibete cha jenasi ya Arceuthobium. Hawa hawangojei kitororo. Tunda hujaa maji hadi likapasuka na kuirusha mbegu kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 80 kwa saa, ikanate kwenye mti wa jirani. Jamaa zao wa Marekani wanatesa misitu ya misonobari, kwa hiyo DadaMambrui hayuko peke yake katika kilio chake.

Marekani wana pia ukoo wa Phoradendron, wenye spishi zaidi ya 200, na maana ya jina hilo kwa Kigiriki ni mwizi wa mti. Kusini kabisa mwa bara hilo wapo Misodendrum, spishi 8, ambao mbegu zao zina nywele ndefu na husafirishwa na upepo. Chile yupo Tristerix aphyllus anayeishi ndani ya dungusi, usiyemwona mpaka maua mekundu yachomoze kati ya miiba.

Na mwisho, Australia Magharibi kuna Nuytsia floribunda, ambao wenyeji Wanoongar huuita moodjar. Huu ni kirukia kilichokataa kurukia. Ni mti kamili, hufika mita 10, umesimama ardhini, na maua yake ya rangi ya chungwa hufunika kilele chote mwezi wa Desemba. Lakini chini, mizizi yake ina pete zenye wembe wa mbao unaokata mizizi ya majirani. Umewahi kukata hata nyaya za simu zilizofukiwa, ukidhani ni mizizi.

---

Msabaki

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Hiyo ya kukata waya wa simu nimemsomea mke wangu mara mbili.

---

Vipepeo_Gede

Mimi ni miongoni mwa wakulima tunaofuga vipepeo pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mradi wa Kipepeo pale Gede ulianza mwaka 1993, na umetufundisha jambo moja kwa vitendo: kila kiwavi ana mti wake. Ukimpa mwingine anakufa njaa huku majani yamemzunguka.

Kuna vipepeo wa jenasi ya Iolaus, wadogo, mgongo wa mabawa ni buluu ya kung'aa na nyuma wana mikia myembamba inayotikisika kama vipapasio, hata ndege akadhani kichwa kiko huko akadonoa upande wa uongo. Viwavi wa hawa, walio wengi, hula virukia vya ile familia kubwa aliyoitaja Mwalimu. Ukivisafisha virukia vyote eneo zima umewafukuza Iolaus nao, maana hawana pa kutaga.

Ningependa watu waelewe hili. Tukisikia mtu anakata mrihi tunapiga kelele, na ni haki. Kirukia kikitolewa hakuna anayesema neno.

---

MwanaGanda

Ahsante sana. Kuna utafiti wa Australia unaokubaliana nawe. Mwanasayansi David Watson na mwenzake waliondoa virukia vyote katika vipande kadhaa vya msitu, wakaacha vingine kama vilivyo, kisha wakahesabu ndege. Matokeo yalitolewa 2012. Ndani ya miaka mitatu, vipande vilivyosafishwa vilipoteza karibu moja ya tano ya aina zao za ndege. Na waliotoweka zaidi hawakuwa wala matunda ya kirukia, walikuwa wala wadudu. Sababu ni majani. Kirukia hudondosha majani mengi na mazito kwa madini, maana hakiyarudishi madini shinani kabla ya kuyaacha kama mti mwingine. Chini yake ardhi inanawiri, wadudu wanaongezeka, ndege wanafuata. Nilikwenda kufukua kidogo chini ya mwembe wa kisimani. Udongo ni mweusi na nyungunyungu ni wengi kuliko chini ya mwembe usio na kirukia. Mti mmoja na mmoja, najua, lakini nimeona.

---

MamaZuhura

Shikamooni wakubwa. Samahani naingilia. Kuna mtu anatuuzia kirukia cha mkwaju kilichosagwa, anasema kinashusha sukari. Mama yangu ana kisukari. Nyinyi mnaojua, nimpe?

---

MuuguziMstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nakuomba usimpe, na wala asiache dawa zake za hospitali.

Uzi wenyewe umekuonyesha sababu. Huyo muuzaji anasema kirukia, lakini kipi kati ya hivi vyote? Watu husoma kwamba Ujerumani na Uswisi wagonjwa wa saratani huchomwa sindano za kirukia wakadhani na hiki cha mkwajuni ni dawa hiyo hiyo. Kile ni Viscum album, familia nyingine kabisa, hutengenezwa kiwandani kwa kipimo, na hata hicho wataalamu bado wanabishana. Vingine ni sumu. Tena kirukia hunywa maji ya mti kilipokaa, kikikaa kwenye mti wenye sumu kinaweza kuivuta sumu hiyo. Kikishasagwa kuwa unga, wewe utajuaje kilitoka mti gani?

Mpeleke mama kliniki akapimwe sukari, na mwambie daktari wazi kama ameshaonja unga huo.

---

MamaZuhura

Ahsante mama. Ameonja siku mbili. Kesho asubuhi tunakwenda.

---

MvitaUghaibuni

Mimi niko Leeds, Uingereza. Huku kirukia ni cha Krismasi, hutundikwa mlangoni na wawili wakikutana chini yake hubusiana. Matunda yake ni meupe kama lulu. Nilikaa huku miaka kumi nikidhani ni mmea wa Ulaya tu. Leo ndiyo najua kwamba bibi yangu Malindi alikuwa akinikataza kukwea mwembe wenye ndugu yake.

---

Mwalimu_Jilore

Huyo mweupe akiwa huko majira ya baridi, mti mwenyeji ukiwa umepukutisha majani yote, yeye hubaki kijani kibichi. Ndiyo maana watu wa kale wa Ulaya walimwona wa ajabu. Lakini niongeze jambo zito. Nyuzilandi kulikuwa na kirukia kiitwacho Trilepidea adamsii, cha maua ya vibomba mekundu. Mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1954. Misitu ilikatwa, ndege wakapungua, na wakusanyaji wakamalizia. Hakipo tena popote duniani.

---

DadaMambrui

Nimerudi. Kaka MwanaGanda, wikendi nilikata kama ulivyosema, kwa msumeno, dhiraa moja. Ndimu zote ni safi. Cha kwenye mgunga wa uani nimekiacha, si kwa kukuamini, kwa kukujaribu.

Leo alfajiri nilikuwa nafua. Chozi akaja, yule ndege mweusi anayemeta. Maua yalikuwa bado yamefumba, marefu, ncha imevimba, ubavuni yana nyufa ndogo. Akapenyeza mdomo kwenye ufa, na ua likafyatuka. Nasema likafyatuka, kama mtego. Vumbi la manjano likamrukia usoni. Akatikisa kichwa, akaenda la pili, likafyatuka. Nilihesabu kumi na moja mpaka maji ya ndoo yakamwagika, nikasahau nguo.

Yale ambayo hakuyagusa yamebaki yamefumba. Nimejaribu kulibonyeza moja kwa ukucha. Linafyatuka na kwangu pia.

---

MwanaGanda

Sasa tazama lile ulilolibonyeza limetoa rangi gani ndani, na kama petali zake zimekunjika nje au zimesimama. Piga na picha ya majani, juu na chini. Ikiwa ni Plicosepalus utaona ua limepinda kama mundu. Nangoja.

---

DadaMambrui

Limepinda.